Gari lilisogezwa bila maji, sasa fundi anataka kufungua injini

Shikamoo mshauri.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Tabora mjini, naishi Ipuli na mama yangu. Nina kigari kidogo cha Kijapani, injini lita 1.3, gia otomatiki. Nilikinunua kwa mkopo ambao nitaendelea kuulipa miaka miwili mingine. Nakuandikia kwa sababu usingizi umenipaa, na ninayemlaumu moyoni ni mtu ambaye siwezi kumlaumu mdomoni.

Rejeta ilianza kuvuja kwa chini, pale plastiki inapoungana na bati. Alhamisi fundi akaja nyumbani, akaifungua, akaondoka nayo kwenda kuizibisha. Maji yake ya kijani aliyakinga kwenye beseni la mama, akaliacha chini ya mwembe. Akaniambia, “Mwalimu, Jumatatu nairudisha.” Hakusema lingine. Gari likabaki uani, pua imeelekea ukutani, mipira inaning’inia.

Jumamosi ilikuwa siku ya kuletewa mahari ya mdogo wangu, wageni wanatoka Nzega. Saa moja asubuhi wenye turubai wakafika, wakasema pale gari liliposimama ndipo nguzo ya kati inapokaa. Tukajaribu kulisukuma. Unaujua mchanga wetu: vijana wanne, tairi zinazidi kuzama. Ndipo shemeji yangu, mume wa dada, akasema, “Washa, litoe, zima. Dakika moja haiui injini. Mbona bodaboda hazina rejeta na zinatoka Urambo mpaka hapa?”

Nikawasha. Nikarudi rivasi hadi nje ya geti, nikaliegesha ubavuni mwa duka la jirani, nikazima. Dakika haikutimia. Hapo sina wasiwasi.

Saa nne jirani akaja kulalamika kwamba gari limemzibia wateja. Mimi nilikuwa jikoni, mikono imejaa vitunguu, shemeji akachukua ufunguo. Ilikuwa alisogeze hatua chache tu, lakini akaona bora alipeleke kwenye kivuli karibu na shule, kama mita mia nne, na njia ina kimwinuko. Nikiwa jikoni niliisikia injini inavuma kama ya lori. Anasema gari lilikuwa zito, linavuma haliendi, ikabidi akanyage mafuta. Dakika tatu, labda nne. Alipofika akasikia harufu ya kuungua, akazima. Anaapa kwamba macho yake hayakutoka kwenye dashibodi: ile taa ya bluu ya injini baridi ilikuwa bado inawaka, na nyekundu haikuwaka hata mara moja. Kwa maelezo yake, injini haikupata hata vuguvugu.

Akarudi kuchota ndoo ya maji akaimwagie injini ipoe. Mama akamzuia. Akamwambia sufuria iliyokaukia motoni humwagii maji ya baridi ukategemea kuipikia tena. Ndoo ikaishia kuoshea sahani.

Mahari ikapokelewa, watu wakala, mshenga akaondoka na kanga ya mama begani. Jioni wakati wa kufagia, watoto wakatuonyesha doa jekundu mchangani, waliloliona tangu asubuhi, pale gari lilipokuwa uani, na jingine ubavuni mwa duka. Tukasema ni soda imemwagika. Sasa ninapoandika nakumbuka kwamba kreti za soda zilifika saa sita.

Jumatatu fundi akaja na rejeta, akaifunga, akajaza maji, akawasha. Injini iliwaka mara moja na inanguruma vizuri ikiwa imesimama. Lakini ukiweka D inavuma sana, na gari linaondoka kwa kujivuta. Fundi akatikisa kichwa: “Hii mmeichemsha. Hedi imepinda, nguvu imekwisha. Tafuta laki nne na nusu tufungue.”

Shemeji anasema fundi ni mwongo. Dada amenuna kwa sababu nimemuuliza mumewe mara mbili. Mama anasema tumege kwenye hela ya mahari, na hilo sitaki hata kulisikia. Je, tumeiua injini? Nimlipe fundi? Na nyumbani nizungumze vipi bila kuharibu undugu?

Mwalimu asiyelala, Ipuli, Tabora

—

Marahaba, mwalimu.

Laki nne na nusu iache ilipo. Pengine hutaihitaji kabisa, na kama utaihitaji, si kwa kazi anayoitaja fundi wako. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nikagota kwenye soda. Nitairudia soda. Kwanza nijibu ulichouliza.

Injini kuwaka bila maji kwa muda mfupi haifi papo hapo. Shemeji yako hakukosea kwenye hilo. Alikosea kuchukua neno “dakika” kana kwamba dakika zote ni sawa. Injini kama yako, ikiwa imesimama bila kukanyagwa mafuta, hula petroli isiyozidi lita moja kwa saa. Gawanya kwa dakika sitini: unapata kama kijiko kimoja cha chakula kwa dakika. Katika joto la petroli hiyo, karibu theluthi moja hutoka na moshi, theluthi nyingine hupokelewa na maji ya rejeta, na kinachobaki ndicho kinachozungusha injini. Maji yasipokuwepo, ile theluthi yao inabaki kwenye chuma. Theluthi ya kijiko kimoja cha petroli, imesambazwa kwenye makumi ya kilo za aluminiamu iliyolala nje usiku kucha, inapandisha joto kwa digrii chache tu. Ndiyo maana mafundi husogeza magari yaliyofunguliwa rejeta kutoka kona moja ya gereji hadi nyingine kila siku, na magari hayo yanaendelea kuishi.

Dakika za shemeji yako ni habari nyingine. Injini inavuma, gari linapanda: hapo sema vijiko sita au saba kwa dakika, mara dakika tatu au nne. Na joto halisambai sawasawa kama nilivyolisambaza mimi kwenye hesabu yangu. Moto wa ndani ya silinda hupita nyuzi 2,000 kwa kitambo kila petroli inapolipuka, na aluminiamu inayeyuka kwenye nyuzi 660. Kinachoiokoa siku zote ni kwamba mlipuko ni wa kufumba na kufumbua, na upande wa pili wa ukuta kuna maji yanayopita. Yakikosekana, sehemu za kwanza kuteseka ni zile nyembamba zilizo karibu na valvu za kutolea moshi. Hedi, kile kifuniko cha chuma kilicho juu ya silinda, inapata joto katikati kuliko pembeni, inataka kutanuka, nati zimeikaba, inapinda. Gasketi iliyo chini yake, ile ya kuziba kati ya hedi na injini, inabanwa huku na kulegea kule. Ukizidi kuendesha, pistoni nayo inatanuka, oili inakuwa nyepesi kama maji, na chuma kinaanza kusuguana na chuma. Hapo ndipo injini hunoki, yaani hukwama kabisa, na hakuna maombi.

Kwa mita mia nne, gari likiwa limeanza safari la baridi, sidhani mlifika huko. Injini iliyonoki haiwaki Jumatatu kwa mara moja na kunguruma vizuri. Hedi iliyopinda inaweza kuwaka, kwa hiyo hilo litapimwa, na kulipima ni bure. Nitakueleza.

Hoja ya bodaboda nisiiache hivihivi, maana naisikia sana. Bodaboda haina rejeta kwa sababu imeundwa isiwe nayo. Tazama silinda yake: imezungukwa na mapezi membamba, na iko wazi upepo unaipiga usoni. Bajaji nyingi nazo zina feni inayopuliza mapezi hayohayo. Injini yako haina pezi hata moja. Imefungiwa chini ya boneti, na palipotakiwa kuwa na mapezi pana mifereji ya maji. Wamarekani waliwahi kutengeneza injini ya Cadillac, ile ya Northstar ya miaka ya tisini, ambayo ikiishiwa maji kompyuta yake inazinyima petroli nusu ya silinda kwa zamu, zinavuta hewa tupu ili zipoe, na dereva anafika mahali salama polepole. Hilo liliwezekana kwa sababu mtu alikaa mezani akalipangia. Kigari chako hakuna aliyekipangia.

Sasa taa ya bluu. Hii ndiyo inayowaponza watu, na si shemeji peke yake. Sensa ya joto ni kijiti kidogo kilichochomekwa kwenye njia ya maji, na kinachopimwa na sensa ile ni maji. Injini yenyewe haipimi. Maji yakiwepo yanazunguka kila pembe ya injini na kuiletea habari. Mkiyatoa, sensa inabaki kwenye hewa, habari hazifiki, au zinafika zimechelewa sana. Taa ya bluu kuendelea kuwaka baada ya dakika tatu za kukanyaga mafuta asubuhi ya Tabora ilikuwa ni ushahidi kwamba sensa haikuwa na cha kupima. Barabarani mambo ni hayohayo: mpira wa rejeta unapasuka, mshale unapanda, kisha unashuka wenyewe. Dereva anashukuru Mungu na kuongeza mwendo, kumbe mshale umeshuka kwa kuwa maji yamekwisha. Wengi waliowahi kuniambia “gari lilipoa lenyewe halafu likazima” walikuwa wanasimulia jambo hilo.

Mama yako mpe pongezi zangu. Aluminiamu yenye moto mkali ikimwagiwa maji ya baridi huweza kujikunja au kupasuka, na mvuke unaorudi ungeweza kumuunguza shemeji uso. Dawa ya injini iliyopata moto ni kuzimwa na kuachwa, nusu saa au zaidi, mpaka uweze kuweka kiganja juu yake.

Haya, soda.

Kulanti yako, yaani yale maji ya rejeta, ni ya kijani, umesema mwenyewe, na ilikuwa imeshakingwa kwenye beseni tangu Alhamisi. Soda ilifika saa sita. Na soda ikimwagika mchangani sisimizi huja, na kabla ya jioni pamekauka pakabaki kivuli tu. Doa lililoonekana jioni likiwa bado jekundu, tangu asubuhi, ni la mafuta. Kwenye gari la otomatiki mafuta mekundu kwa kawaida ni oili ya gia.

Inatoka wapi? Kwenye magari mengi madogo ya otomatiki rejeta ina kazi mbili. Inapoza maji ya injini, na ndani ya tangi lake la chini kuna kijibomba kinachopoza oili ya gia. Mipira miwili myembamba inatoka kwenye gia boksi, inaingia kwenye rejeta na kurudi. Ukiiondoa rejeta, mipira hiyo inabaki wazi. Injini ikiwa imezimwa inadondosha matone tu. Ukiiwasha, pampu iliyo ndani ya gia boksi inaanza kazi hapohapo, na inasukuma oili yote inayopita humo hadi chini. Kwa dakika moja inaweza kumwaga lita nzima au zaidi. Mafundi wengine hutumia njia hiyohiyo kwa makusudi wanapobadilisha oili ya gia: wanafungua mpira, wanaweka chupa, wanawasha, wanahesabu.

Soma tena barua yako ukiwa na hilo kichwani. Gari linavuma haliendi. Shemeji ikabidi akanyage. Harufu ya kuungua: oili iliyorukia bomba la moshi lenye joto hunuka hivyo, na vipande vya kushikia gia vinavyoteleza vikiwa vikavu hunuka vibaya zaidi. Jumatatu injini imesimama vizuri, ukiweka D inavuma na gari linajivuta. Mwalimu, injini iliyopoteza nguvu haivumi hivyo. Iliyoharibika gasketi inatetemeka, inakohoa, ukikanyaga inakuwa nzito, inasita kupanda. Yako inapanda kwa wepesi kabisa, ila nguvu yake haifiki kwenye tairi. Huko ni kuteleza kwa gia, na gia ya otomatiki huteleza ikikosa oili.

Kwa hiyo gari lisiwashwe tena hata kwenda dukani. Kila mita linayoendeshwa likiteleza linakula kile ambacho bado kizima.

Mwite fundi, kwa heshima, na umwombe kitu kimoja: “Kabla hatujagusa hedi, tuangalie oili ya gia.” Magari mengi ya aina hiyo yana dipstiki ya gia, kijiti cha kupimia oili, tofauti na ile ya oili ya injini. Aivute injini ikiwa ya baridi na imezimwa. Kwenye mengi kipimo halisi husomwa injini ikiwa inanguruma, lakini oili ikiwa imepungua sana, huenda akaona ukavu hata hivyo. Aongeze nusu lita kwanza, na iwe aina iliyoandikwa kwenye dipstiki au kwenye kitabu cha gari. “Nyekundu yoyote ile” dukani msikubali. Ahakikishe ile mipira miwili imerudi mahali pake na klampu zimekaza. Ndipo awashe, gari likiwa tambarare na breki imekanyagwa, apitishe gia taratibu kutoka P hadi mwisho na kurudi P, injini ikiendelea kunguruma avute tena dipstiki, afute, achomeke, asome. Aongeze kidogokidogo. Ikizidi nayo ni shida.

Akivuta mara ya kwanza na kuikuta oili imekuwa nyeusi, ina harufu ya kuungua, au ukiisugua kwenye kidole unahisi chengachenga, hapo ongezeko halitatosha na utamhitaji fundi wa gia za otomatiki. Hapo ndipo wasiwasi wangu mimi ulipo, zile mita mia nne za mwinuko. Ikiwa nyekundu bado, na baada ya kujaza gari likiondoka laini kama zamani, utakuwa umepona kwa bei ya oili.

Halafu hedi, kwa sababu kuitilia shaka si kosa. Asubuhi, injini ikiwa ya baridi kabisa, fungua kifuniko cha oili ya injini na uvute dipstiki yake. Ukiona rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia kwenye oili. Kisha fungua kifuniko cha rejeta, injini ingali ya baridi, halafu iwashwe huku unachungulia. Mapovu machache mwanzoni ni hewa iliyonaswa. Mapovu yasiyokwisha, yanayofuata mdundo wa injini, ni moshi wa silinda unaopenya gasketi. Funga, shika mpira wa juu wa rejeta: ukiwa mgumu kama fimbo ndani ya dakika moja kabla hata ya kupata joto, jibu ni lilelile. Tazama moshi wa nyuma baada ya injini kupata joto, maana mvuke wa asubuhi ni wa kila gari na usikutishe. Mweupe mzito usiokoma ndio wa kuogopa. Na kwa wiki nzima angalia kama maji yanapungua bila tone lolote chini. Fundi akitaka uhakika zaidi, atafute mwenye kipimo cha kompresheni, yaani presha ya ndani ya silinda. Silinda zote nne zinapaswa kukaribiana, na moja ikiwa imeachwa mbali na wenzake, basi tufungue hedi kwa haki. Hedi isiyopimwa haifunguliwi. Ukishaifungua, gasketi lazima inunuliwe mpya hata kama ya zamani ilikuwa nzima.

Mkiwa hapohapo, mwombe atazame wota pampu, ile inayozungusha maji ya injini. Sili yake hutegemea maji kupata ulaini, na kuzunguka kavu dakika nne kunaweza kuiumiza. Dalili ni tone linalotoka kwenye kitundu kidogo chini ya pampu, siku chache baadaye.

Umeandika “akajaza maji.” Kama ni ya bomba matupu, nina neno. Watu wa kwetu huamini kulanti ni ya nchi za barafu. Kweli inazuia kuganda, mchanganyiko wa nusu kwa nusu hauwi barafu mpaka kwenye nyuzi 37 chini ya sifuri, na sisi haituhusu. Inayotuhusu ni dawa ya kuzuia kutu iliyomo humo, kwa sababu maji matupu yanaila aluminiamu polepole na kujaza matope kwenye rejeta uliyoizibisha juzi. Tena Tabora iko juu, kama mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na maji hapa yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi badala ya 100. Themostati za magari mengi, zile valvu zinazoruhusu maji kwenda kwenye rejeta, hufunguka kati ya 82 na 88. Nafasi iliyobaki ni nyembamba. Kinachoipanua ni kifuniko cha rejeta, kile kilichoandikwa 0.9 au 1.1: kinashikilia presha, na kizima cha 1.1 kinasogeza kuchemka hadi karibu nyuzi 120. Kifuniko chenye mpira uliokatika kinarudisha kila kitu kwenye 96. Mwambie fundi akiangalie. Na wakati wa kujaza, kifuniko kiwe wazi, hita iwekwe mwisho wa joto, injini ingurume taratibu hadi hewa itoke na maji yashuke ili aongeze, na kesho yake asubuhi muangalie tena.

Kuhusu fundi mwenyewe, sitamwita mwongo. Aliambiwa gari limeendeshwa bila maji, akalikuta halina nguvu, akaunganisha. Wengi wangeunganisha hivyo. Lawama yangu kwake ni ya Alhamisi. Mipira ile ya gia ilitakiwa kuunganishwa yenyewe kwa yenyewe kwa kipande kifupi, dakika mbili za kazi, na kwenye usukani ibandikwe karatasi “usiwashe”, au aondoke na waya wa betri. Aliacha gari la familia uani, wiki ya shughuli, bila neno. Na Jumatatu aliporudisha mipira ile lazima mikono yake ilikuwa myekundu. Muulize hilo mkiwa wawili, si mbele ya watu wa nyumbani, kisha umuulize oili ya gia atachangia kiasi gani. Wengi wakiulizwa hivyo hukubali.

Na shemeji. Hapa nakuomba uwe na subira na mimi. Madoa yalikuwa mawili. La kwanza lilikuwa uani, pale ulipowasha wewe. Dakika yako ile ambayo umeandika “hapo sina wasiwasi” ndiyo iliyoanza kumwaga oili. Shemeji alipopewa ufunguo saa nne, gari lilikuwa limeshapungukiwa, ndiyo maana alilikuta zito. Asingeenda mpaka shuleni ingekuwa bora, ndiyo, na alikwenda kwa kujiamulia. Lakini hakuanza yeye, na hakuna kati yenu aliyejua kwamba rejeta ya otomatiki inabeba mafuta ya gia. Usimuulize mara ya tatu. Mwambie dada kwanza, na umwambie lile la doa la kwanza lilivyo, bila kulipunguza. Shemeji mwachie nafasi aseme mwenyewe kuhusu zile mita mia nne. Mtu aliyetaka kukimbilia na ndoo ya maji, hata kama ndoo yenyewe ilikuwa makosa, si mtu asiyejali gari lako. Kama nadhani sawasawa, oili ataileta yeye.

Hela ya mahari isiguswe, mama aambiwe leo.

Jambo la mwisho ni lile beseni, na ningelitaja mwanzoni kama nisingeogopa kukuchanganya. Kulanti ina ladha tamu, na ni sumu kali, kiasi kidogo kinaua mbwa, na mtoto akinywa figo zinaharibika. Kama bado liko chini ya mwembe, limimine sasa hivi kwenye dumu, funga, andika juu yake, mpe fundi. Ule mchanga wenye madoa uchotwe kwa koleo utupwe mbali na kuku. Na beseni lisirudi jikoni kwa mama, hata likisuguliwa vipi. Mnunulie jingine.